MAISHA YAKIPANDA, NANI HUBEBA?

Hapana mwenye akili timamu atakayeukataa umeme, bati, shule na simu. Lakini sisi tukaao nyuma ya meza ya duka twaona jambo lisiloandikwa katika taarifa za wakubwa: kila neema mpya huja na gharama yake, na gharama hiyo huandikwa kwa jina la mtu mmoja katika daftari la deni.

Natutazame ng'ambo, Nachingwea na Ruangwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza Tanganyika mradi mkubwa wa karanga. Nachingwea ikafyekwa misitu, ikajengewa reli ya kwenda bandari ya Mtwara. Watu wakaonja mshahara, na mshahara ukawafunza haja mpya. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, khasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 30. Na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. London ilifuta deni lake kwa kalamu. Kibarua ni nani aliyemfutia haja alizokwisha kuzizoea?

Leo mazao ya huko ni korosho na ufuta. Fedha huja kwa msimu, lakini haja hazina msimu. Babu aliezeka kwa nyasi alizokata mwenyewe. Mjukuu aezeka kwa bati la kununua. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za mnada. Novemba, Rais John Magufuli akatangaza kuwa Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa njema, lakini wengine waliingia mwaka 2019 hawajalipwa. Korosho ghalani, mtoto shuleni, deni dukani.

Nasi Visiwani tusijione tumesalimika. Karafuu haichumwi kila mwezi, na mchele twaula kila siku.

Hatusemi watu warejee kwenye kibatari. Twasema, kwanza, mwenye kuhubiri maisha bora na amlipe mkulima kwa wakati. Pili, mwanachama apime haja na fakhari; kukopa harusi ni kulipa matanga. Tatu, sisi wenye maduka tusijitakase: tusimkopeshe mtu asichokihitaji kwa kuwa tu twajua msimu wake u karibu.

Maisha yakipanda, na yampandishe mtu; yasimpande mgongoni.