Ramani ya Buxton iko Industrial Area



Toleo lililopita la jarida letu lilijaa picha za usiku wa utamaduni: vitenge, ngoma, sambusa, na ule mhadhara mrefu kuhusu kuhifadhi kumbukumbu za nyumbani. Nilikuwako. Nilikula sambusa nne na nikapiga makofi kama wengine. Lakini nilirudi bwenini na jambo likinikereketa rohoni, na kwa kuwa mhariri amekubali nilitoe, nalitoa. Sisi wanafunzi wa Education City ndio tunaoshika maikrofoni kuzungumzia mitaa yetu ya zamani, na sisi ndio tunaoikumbuka kidogo kuliko wote. Wanaoikumbuka wako Industrial Area, na hatujawahi kuwaalika hata kwa kikombe cha chai.

Kwa wenzetu mnaolisoma jarida hili mkiwa Uingereza au Malaysia, nieleze kidogo. Mnairobi akisikia Industrial Area atafikiri viwanda vya kwao na ile jela. Hii ya Doha iko kusini-magharibi ya mji, ni gereji, maghala na kambi za wafanyakazi. Barabara zake zina nambari tu: Street 1, Street 2, na kuendelea. Sheria ya mwaka 2010 ilikataza wafanyakazi kulazwa katika mitaa ya familia, basi "mabachela" wakasukumwa huko. Mtu ana mke na watoto wanne Likoni, hapa anaitwa bachela! Metro iliyofunguliwa 2019 haifiki huko, unashuka na kupanda basi. Na Machi 2020, korona ilipoingia, Street 1 mpaka 32 zilifungwa, watu wakawa ndani, hakuna kutoka.

Mimi nilifika huko mara ya kwanza kwa sababu ya mzigo. Nikitoka likizo Mombasa, mama alinifungia hiliki, mbaazi kavu na shati la kushonesha, akaniambia nimpelekee jirani yetu mmoja wa zamani ambaye ni gadi huku. Sitamtaja jina, namwita ami, kama nilivyomwita nikiwa mdogo. Niliahirisha Ijumaa tatu. Nina aibu kusema hivyo lakini ndiyo kweli, nilikuwa naona ni mbali, nikajipa visingizio vya mitihani.

Chumbani kwao walikuwa sita, ingawa kanuni zinasema wanne. Vitanda vya deka, kila mtu ameninginiza shuka yake kama pazia, viatu nje ya mlango. Walinikaribisha chini kwenye mkeka. Nikadhani tutazungumza mshahara, mkataba, ajenti, yale mambo tunayoyasoma kwenye magazeti. Wapi! Saa mbili nzima tulizungumza Mombasa. Na si Mombasa ya kadi za posta, Fort Jesus na milango ya nakshi ya Mji wa Kale. Walikuwa wakibishana kama yule mama wa mahamri wa Majengo alikuwa akianza kukaanga kabla ya adhana ya alfajiri au baada yake. Walibishana mpaka mmoja akampigia simu dadake Kisauni kuuliza. (Kabla ya adhana. Ami alishinda.)

Lililonishangaza zaidi ni Mganda wa kitanda cha juu. Kwao ni Kampala, Mombasa hajawahi kuikanyaga hata siku moja. Lakini aliniuliza: "Wewe ni wa upande gani, Mwembe Tayari au Mwembe Kuku?" Nikamwambia, akatikisa kichwa kama mtu anayeijua njia. Ameisikia mitaa ile usiku baada ya usiku, na sasa ukimtupa Makupa atafika Tononoka bila kuuliza. Ami naye anakijua Kisenyi cha Kampala vivyo hivyo. Mitaa yenye majina imehamia ndani ya chumba kilichoko kwenye barabara yenye nambari.

Kisha ami akavuta kitu kutoka chini ya godoro. Katoni ya maji ya chupa, imekunjuliwa, na juu yake ramani ya Buxton kwa kalamu ya biki. Aliichora wakati ule wa kufungiwa 2020. Kazi hakuna, kutoka hakuna, akaanza na nyumba yao, akaenda nyumba ya pili, mpaka safu nzima. Kila kisanduku kimeandikwa: nani alikaa, watoto wangapi, kazi gani, nani alikuwa na televisheni ya kwanza na akifungua dirisha ili watoto wachungulie. Nimeandikwa na mimi pia, "kijana wa mwalimu, mlizi".

Wengi wenu mnajua yaliyofuata. Nyumba zile za Buxton, zilizojengwa wakati wa mkoloni, zilibomolewa mwaka 2021 kupisha maghorofa mapya. Kulikuwa na kesi, maandamano, na hoja za pande mbili: nyumba zilikuwa zimechakaa, ndiyo, na wapangaji walikuwa na haki ya kujua watarudi wapi, ndiyo vilevile. Leo sitaki kuingia huko. Ninachosema ni kwamba ami alichora mtaa uliokuwa umesimama, na mwaka mmoja baadaye katoni yake ikabaki peke yake.

Nilikuwa na picha kwenye simu, niliyopiga nikiwa likizo. Nikaitoa nimwonyeshe pale palipokuwa kwao. Akaufunika uso wa simu kwa kiganja. "Sitaki kuona, mwanangu. Niachie."

Nilimhukumu, nakiri. Njiani kwenye basi nilijiambia mzee anajidanganya. Nilipomsimulia mwenzangu mmoja wa bwenini akasema huo ni ugonjwa wa kutamani ya kale, dawa yake ni kuikubali hali. Maneno ya darasani hayo. Baadaye nikaifikiria tena ile katoni. Mtu anayejidanganya huchora mtaa wa peponi. Ami ameandika pale vyoo vilipokuwa vikifurika mvua za masika. Ameandika nyumba ambayo mume alikuwa akimpiga mke na majirani wote wakaongeza sauti ya redio, "na sisi pia", amejitia na yeye. Ameandika jirani aliyetolewa vyombo nje kwa deni la kodi. Ndiyo maana namwamini kuliko mhadhara wetu, ambao ndani yake majirani wote walikuwa wakipelekeana futari na hakuna aliyewahi kugombana kwenye bomba la maji.

Nimeona pia kwamba hakuna anayekichorea ramani chumba chenyewe. Nilimuuliza ami. Akacheka: "Nambari nayo ina kumbukumbu?" Mkataba ukiisha mtu anaondoka, kitanda kinapata mwenyewe mwingine wiki hiyohiyo, shuka nyingine inaninginizwa. Mimi nasema kina kumbukumbu. Wanaume sita walioisikiliza korona pamoja nyuma ya barabara iliyofungwa ni majirani kama wale wa Buxton, na pengine zaidi.

Basi pendekezo langu kwa kamati ni hili. Pesa za ukumbi za mwaka huu, tuzipunguze. Twende kwa mabasi, watatu watatu, Ijumaa alasiri, na madaftari na majani ya chai. Tusiende kuhoji. Tuulize vitu vidogo: nani alikaa chumba cha kulia, maji yalitoka saa ngapi, duka la mkopo lilikuwa la nani. Na tusipige picha za nyuso wala vyumba, wala tusiandike majina. Mwaka 2021 Malcolm Bidali, gadi Mkenya aliyekuwa akiandika maisha ya wafanyakazi hapa, aliwekwa kizuizini wiki kadhaa na kutozwa faini. Sisi tuna kadi ya chuo ya kutukinga, wao hawana. Atakayekwenda kutafuta habari ya kumpatia sifa, abaki bwenini.

Najua wako watakaosema jarida si mahali pa mambo haya, na kwamba tulikuja kusoma. Sawa. Lakini msiniombe tena nipigie makofi mhadhara.

Mwisho, nina ombi. Katika ramani ya ami kuna kisanduku kimoja kitupu, nyumba ya mwisho ya safu yao. Anamkumbuka mwanamke mfupi, ana cherehani ya miguu, akiwafokea watoto kwa Kigiriama na kisha akiwaita kuwapa maembe. Jina limempotea na linamkosesha usingizi. Nimemuuliza mama, naye hakumbuki. Kama kuna msomaji aliyekulia Buxton, au mamake, au shangaziye, anitafute. Mkataba wa ami unaisha mwezi ujao.