Jembe Si Azabu



Mu vitabu vya Kifaransa tunasoma juu ya wakati unaoitwa prentani: baridi inakwisha, maua yanatoka, jamaa wanaenda kutembea mu pori na kikapu cha chakula. Wengi wetu tunashika maneno ile kwa kichwa, kisha tunafikiri ya kama kwetu wakati wa namna ile hauko. Uko! Angalieni inje. Tangu mwezi wa nane mpaka wa kumi, mbele ya tone la kwanza la mvula, miti ya miombo inatoa majani mapya, tena mengi si ya kijani, ni mekundu sawa shaba. Mu barabara za Lubumbashi jakaranda zinafungua maua ya zambarau. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba imepita, jua linawaka, na kila mutu anatazama mawingu kwa kungojea mvula. Hii njo prentani yetu, na inakutana sawasawa na mwanzo wa mwaka wa masomo.

Mu wakati huu, mu lupango nyingi, neno moja linasikika kila siku ya posho: "We kijana, kamata jembe!" Na jibu tunalijua wote: "Papa, niko na masomo." Kijana anaweka kitabu mu kwapa, anaenda kukaa kwa rafiki mpaka jua lishuke. Mama anabaki na jembe, dada anabaki na ndoo ya mayi. Jirani wakiona wanasema: batoto ba leo ni bavivu.

Mimi sikubali. Kijana huyu huyu anaweza kucheza mpira kutoka saa nane mpaka giza bila kuchoka. Nguvu iko. Inayokosa ni heshima ya kazi yenyewe, kwa sababu amefundishwa ya kama jembe ni kitu cha mutu aliyekosa. Na mafundisho haya anayapata wapi? Si kwa mama yake. Anayapata ku masomo.

Tuseme kweli bila kutaja masomo ya mutu yeyote. Mu masomo mingi ya muji, aliyechelewa asubuhi anapewa kukata majani. Aliyeongea mu darasa anapewa kulima nyuma ya vyoo. Aliyesahau kalamu anamwangilia maua mayi. Wale waliofanya vizuri wanakaa mu kivuli wakiwaangalia wenzao na kucheka. Mwaka mzima ni vile, miaka sita ni vile. Kisha kijana anafika kwao, baba anamwonyesha jembe, na yeye anajiuliza moyoni: nimekosa nini?

Jembe halikupata jina baya leo. Wakati wa Wabelgiji, sheria ya mwaka 1917 iliruhusu serikali kulazimisha watu wa vijiji walime mazao yaliyochaguliwa na wakubwa, mpaka siku 60 kwa mwaka. Mu 1942, wakati wa vita, hesabu ikapandishwa mpaka siku 120. Aliyekataa alilipishwa ao alifungwa. Nyuma ya uhuru, mu miaka ya 1970, serikali ya Mobutu ikaleta salongo, kazi ya lazima ya kusafisha miji na kulima. Jina lilikuwa zuri, lakini lazima ni lazima. Basi babu alipewa jembe na mukubwa wa inchi, baba akalipewa na chama, na sisi tunalipewa na mwenye kulinda nizamu mu uwanja wa masomo. Ni vizazi vitatu, na kila mara jembe linakuja pamoja na amri. Tunashangaa nini kama watu wanalikimbia?

Sisi ni masomo ya Kiprotestanti, basi tusome Biblia kwa utaratibu wake. Mu kitabu cha Mwanzo, mutu anawekwa mu bustani ya Edeni ailime na kuitunza, na hii iko mu sura ya 2. Kosa linaingia mu sura ya 3. Ni kusema kazi ya bustani ilikuwako mbele ya kosa. Miiba na jasho njo vilikuja nyuma. Anayetoa jembe kwa sababu ya kosa anasoma sura hizi mbili kwa kinyume.

Mutu atanijibu: "Ile ni maneno ya vijiji, sisi tuko batu ba muji." Vizuri, tuongee juu ya muji. Lubumbashi ulizaliwa mu 1910 kwa sababu ya shaba. Kwa muda murefu jamaa nyingi ziliishi kwa mukono wa kompani: mushahara, nyumba, hospitali, masomo, hata unga wa bukari. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université de Lubumbashi alitoa mu 2001 kitabu juu ya jamaa hizi. Jina lake, kwa luga yetu, ni kusema: Bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo njo kompani, Union Minière kwanza, kisha Gécamines. Mu miaka ya 1990 baba akaanguka. Mishahara ilikawia miezi na miezi. Kisha, mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakatoka mu mupango ulioitwa wa kuacha kazi kwa mapenzi.

Nani alilisha muji wakati ule? Ulizeni ku nyumba zenu. Mutasikia habari ya mama aliyelima mahindi pembeni ya muji, aliyeuza lengalenga na matembele mbele ya mulango, aliyelipa minervali kwa mafungu ya sombe. Tangu mwaka 2000, FAO pamoja na serikali walisaidia walimaji wa mboga mu miji mitano ya inchi, na Lubumbashi na Likasi ni kati yao. Wakubwa wale waliona ya kama bustani ni kitu cha muji pia. Tena wengi wetu tuko mu darasa leo kwa sababu ya jembe ambalo tunaona haya kulishika.

Sasa tuangalie bustani yenyewe inafanya nini mu jamaa. Lengalenga inakuwa tayari mu wiki tatu ao ine. Mutoto akiipanda kisha mvula za kwanza za mwezi wa kumi na moja, ataikula na bukari mbele ya mitihani ya mwezi wa kumi na mbili. Kibwabwa kinapanda juu ya lukuta, kinatoa majani ya mboga na kisha maboga. Na kazi hii haifanywi na mutu mumoja. Baba anakata matuta, watoto wakubwa wanabeba udongo wa kichuguu, wadogo wanatia mbegu, nyanya anakaa juu ya kiti na kusema: "Hapana, ile umefukia mbali sana." Mu nyumba nyingi hii njo saa pekee ambapo baba na kijana wanaongea bila televisheni na bila kugombana juu ya pointi. Saa hiyo ikikosa, hakuna kitu kingine kinachoingia pahali pake.

Na udongo wa kichuguu si hadisi ya wazee. Vichuguu vya huku kwetu, ambavyo vingine vinapita metre 5 kwa urefu, vina udongo wenye chumvi za kulisha mimea kupita udongo mwekundu wa pembeni yake. Nyanya anajua vile kwa mikono. Mwalimu wa biolojia anajua kwa kitabu. Ingefaa siku moja hawa wawili wakutane mu bustani moja, na sisi tuwe katikati.

Vilevile matembezi. Mvula ikianza, bowa wanatoka mu pori na juu ya vichuguu, na masuku yanafika ku soko. Zamani jamaa ilitoka siku ya posho na kikapu, ikarudi jioni na mboga ya bule. Leo pori limesogea mbali, kwa sababu ya makala na mashamba. Tunawaona kila siku wale wanaosukuma mifuko ya makala juu ya kinga, na kila mwaka wanatoka mbali zaidi. Pori likisogea, maarifa yanasogea pamoja. Kuna bowa wa kula na kuna bowa wa kuua, na tofauti haijulikani kwa kusikia tu. Inapashwa mutu mukubwa akuonyeshe palepale, mukono juu ya mukono. Mutoto ambaye hakutembea hata mara moja na nyanya yake mu pori, nani atamufundisha? Na mutu asiyejua pori lina nini, atalia kwa sababu gani siku litakapokwisha?

Lakini tusidanganyane: si kila udongo wa muji unafaa. Karibu na viwanda vya kuyeyusha mawe, moshi wa miaka mingi uliacha shaba, kobalti na risasi mu udongo. Mu Penga-Penga kuna pahali ambapo hata majani hayaoti. Mu 2009 watafuti wa Université de Lubumbashi na wa Leuven, kule Ubelgiji, walionyesha ya kama watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mu mukojo, na watoto kupita wakubwa. Hii haivunji neno langu, inaliongeza nguvu. Mama anayelima pembeni ya kilima cha takataka za kiwanda, nani atamwambia? Ni mutoto wake aliyejifunza kemia. Lakini atamwambia namna gani kama yeye mwenyewe hashiki jembe? Mama atamujibu: "We unajua nini mambo ya shamba?" Na mama atakuwa na haki.

Najua maneno mengine yatakayosemwa. Wazazi wengine watasema: "Tunalipa minervali batoto basome, si balime." Neno hili lina uzito, na siombi saa ya hesabu igeuke saa ya kulima. Naomba kazi ileile inayofanywa leo kama azabu ifanywe kama somo, na wote kwa zamu. Saa ni zile zile. Walimu watasema: "Tukiondoa jembe, mukaidi tutamufanya nini?" Aliyevunja kiti akitengeneze kiti. Aliyechelewa abaki nyuma ya wengine aandike somo alilokosa. Azabu iambatane na kosa, na lengalenga haikukosea mutu. Wengine watasema juu ya mayi, kwa sababu mu mwezi wa kumi visima viko chini na robine zinakauka. Ni kweli. Basi mu mwezi wa kumi tutayarishe matuta na mbolea ya kuku, tupande miche kidogo tu, na shamba lenyewe lingojee mvula. Wazazi wetu walifanya vile mbele yetu.

Kwa hiyo natoa mambo ine, na naomba yaongewe mu mukutano wa walimu na wa wakubwa wa madarasa.

Kwanza, jembe, panga na arozwari vitoke kabisa mu orodha ya azabu.

Pili, kila darasa lipewe tuta lake, wenye pointi nyingi na wenye pointi kidogo pamoja. Mwalimu wa darasa naye ashike jembe siku ya kwanza. Tukimwona yeye na tai yake juu ya tuta, hakuna atakayecheka tena.

Tatu, wavulana wachote mayi sawa wasichana. Mu lupango nyingi dada anabeba ndoo asubuhi, kisha anakuja ku masomo akiwa amechoka, na kaka anashangaa kwa nini dada anasinzia mu darasa. Masomo ikionyesha mufano, nyumba itafuata.

Ine, mvula za kwanza zikianyesha, tupate siku moja ya posho ya kutoka mu pori pamoja na wazazi wanaopenda, wazee wakiwa mbele. Haiombi pesa mingi: miguu, kikapu na bukari ya asubuhi.

Wenzangu, wengi wetu tutakwenda mbali, wengine université, wengine migodi, wengine biashara. Haiombwi kila mutu awe mulimaji. Inaombwa tu mutu asimudharau mama yake kwa sababu ya udongo ulio ku mikono yake. Walimu wetu, ninyi njo munaweza kuondoa haya hii, tena bila kungojea pesa ya mutu yeyote. Matuta yanangoja, na mvula haiko mbali.

Mwanafunzi mumoja wa mwaka wa tano