Kompyuta haijui debe: Kizwite wachore ramani kabla ya kununua mfumo

WAFANYABIASHARA wa nafaka wa Kizwite, mjini Sumbawanga, wanaofikiria kununua programu ya kompyuta ya kuendeshea hesabu na stoo wana swali moja la kujibu kabla hawajauliza bei. Gunia lao ni kilo ngapi?

Swali hilo laweza kuonekana la kitoto, lakini ndilo linalokwamisha programu nyingi. Mkulima wa Ufipa huuza mahindi kwa debe au kwa gunia, na si ajabu gunia hilo likawa limeshonwa lumbesa. Mnunuzi mkubwa, awe ni Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) au kiwanda cha unga, hupokea kwa kilo kwenye mizani. Katikati yupo mfanyabiashara, ambaye kwa miaka mingi amefanya hesabu hiyo kichwani na kuandika jibu kwenye daftari. Kompyuta haina kichwa hicho. Ikiambiwa gunia ni kilo 100, itaamini hivyo hadi mwisho wa msimu.

Upo pia unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mahindi yaliyonunuliwa yakiwa na unyevu wa asilimia 18, yakikauka hadi kufikia kiwango hicho, kila kilo 100 hubaki takriban kilo 94.8. Kwa shehena ya tani 30, hiyo ni zaidi ya tani moja na nusu iliyopotea hewani bila mtu kuiba hata punje. Kama programu haikutengewa mahali pa kuandika upungufu huo, mwisho wa mwezi itaonyesha tu kwamba mzigo haupo, na wa kwanza kuulizwa atakuwa mtunza stoo. Mtu asiye na hatia anaweza kufukuzwa kazi kwa hesabu ya namna hiyo. Na mwizi halisi anaweza kujificha nyuma ya hesabu hiyo hiyo kwa miaka.

Kazi ya kupanga mambo haya kabla ya kununua kompyuta ndiyo wataalamu wanaiita usanifu wa taasisi. Jina ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Mwaka 1987 John Zachman, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya IBM ya Marekani, aliandika makala akisema kwamba mfumo wa kompyuta unahitaji michoro kama jengo linavyohitaji, na kwamba mchoro wa mwenye nyumba si ule wa fundi mwashi. Mwaka 1992, akishirikiana na John Sowa, aliongeza maswali mpaka yakafika sita: nini, vipi, wapi, nani, lini na kwa nini. Tangu wakati huo vimeandikwa vitabu vinene juu ya fani hii, ambavyo kwa ghala lenye watu wanane havina haja. Maswali sita yanatosha.

Haja ya mchoro ni kubwa zaidi kwa anayenunua programu iliyokwisha tengenezwa. Tally ya India, QuickBooks ya Marekani na Sage ya Uingereza hutengenezwa kwa ajili ya wateja wengi wasiofanana. Ni kama suruali ya dukani: ni nafuu kuliko ya fundi, lakini mguu uliopimwa si wa mnunuzi. Wengi hudhani watairekebisha baadaye. Hapo ndipo fedha zinapoanza kutoka, kwani toleo jipya la programu likija marekebisho nayo huenda yakarudiwa, na aliyeyafanya mara ya kwanza pengine amekwisha hama.

Hapa nchini somo kubwa limetolewa na Serikali yenyewe. Mwaka 1998 ilianza kutumia mfumo wa pamoja wa fedha uliojengwa juu ya programu ya Platinum, ya kampuni ya Marekani ambayo mwaka 1999 ilibadili jina na kuwa Epicor. Baadaye EPICOR ikaingia katika halmashauri. Bajeti za halmashauri zilitayarishwa kwenye programu nyingine, PlanRep. Kumbukumbu za watumishi na mishahara ziliwekwa kwenye programu ya tatu, Lawson, nayo ya Marekani.

Kila moja ilikuwa na kazi yake na ilijua kuifanya. Kasoro ilikuwa kwenye njia kati yao. Bajeti iliyokwisha pitishwa ilibidi iingizwe upya kwa mkono kwenye EPICOR, na kila anayepiga chapa namba mara ya pili anaweza kukosea. Mwaka 2017 ndipo ilipozinduliwa PlanRep mpya ya mtandao, inayoweza kupeleka takwimu kwenye mfumo wa fedha, pamoja na mfumo wa FFARS wa hesabu za shule na vituo vya afya. Chini ya yote hayo kulikuwa na jambo lisilovutia hata kidogo, nalo ni namba za vifungu. Dawa za zahanati zikiwa na namba moja kwenye bajeti na nyingine kwenye malipo, hakuna waya utakaozipatanisha.

Suala la watumishi hewa linaeleza zaidi. Mwezi Mei 2016 Serikali ilitangaza kuwa imegundua zaidi ya 10,000. Programu ya mishahara haitengenezi mtumishi hewa. Humlipa yule ambaye jina lake limo. Swali lilikuwa ni nani mwenye wajibu wa kusema kwamba mwalimu fulani amefariki au amestaafu, na taarifa hiyo inapita wapi hadi kufika kwenye mshahara. Katika maswali sita ya Zachman, hilo ni la "nani", na hakuna muuzaji wa programu anayeweza kulijibu kwa niaba ya mteja.

EPICOR imekwisha achwa na nafasi yake imechukuliwa na MUSE, uliotengenezwa na wataalamu wa hapa nchini. Ni hatua nzuri, angalau kwa leseni zilizokuwa zikilipwa nje. Lakini wanaodhani kwamba uzalendo pekee unatibu tatizo wanajidanganya, maana wito wa kutaka mifumo "isomane" umeendelea kusikika hata baada ya programu nyingi kuwa za nyumbani.

Kuhusu "lini", mfano mzuri uko Marekani. Kampuni ya pipi na chokoleti ya Hershey iliwasha mfumo mpya katikati ya mwaka 1999, ukiwa umeunganisha programu za SAP, Siebel na Manugistics kwa mpigo. Ilikuwa miezi michache tu kabla ya sikukuu ya Halloween, ambapo Wamarekani hununua pipi kuliko kawaida. Pipi zilikuwepo ghalani, lakini kampuni ilishindwa kutimiza oda zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100. Hisa zake zilianguka. Kwa Ufipa, kosa la aina hiyo ni kuwasha mfumo mpya mwezi Julai, wakati mahindi yanaingia mchana na usiku. Mwezi Februari, mvua zikiwa zinanyesha na ghala likiwa karibu tupu, kuhesabu kilichopo huchukua siku moja.

Wenye hisa chache katika makampuni au katika ushirika nao wana sababu ya kuuliza. Taarifa ya mwaka ikitaja "mfumo mpya", wengi huipita na kukimbilia kwenye gawio. Ni haki yao kujua mfumo huo unawashwa mwezi gani, wa zamani utaendelea kwa muda gani sambamba nao, na nani anajibu endapo tarakimu hazilingani.

Kwa mfanyabiashara wa Kizwite ramani yenyewe inaenea kwenye karatasi moja. Upande mmoja aandike mahali pote ambapo biashara yake inaandikwa sasa: daftari la stoo, mashine ya EFD, Lipa Namba ya simu, taarifa ya benki, na lile daftari la madeni linalokaa kwenye droo. Achore mishale ya taarifa inayotoka hapa kwenda pale, na kando ya kila mshale jina la anayeipeleka. Mshale usio na jina ndiko fedha zinakovujia. Kisha aamue jina moja kwa kila bidhaa, kwani "maharage", "maharagwe" na "mbeans" vikiingizwa na makarani watatu, kompyuta itahesabu bidhaa tatu.

Karatasi hiyo ndiyo apewe muuzaji wa programu, naye aonyeshe kila mshale unavyopita kwenye mfumo wake, akitumia mahindi ya debe, si mfano wa duka la viatu alionao kwenye kompyuta yake. Aidha, mkataba utaje kwamba kumbukumbu zote ni mali ya mteja na kwamba atapewa nakala inayosomeka siku atakapoamua kuhama. Muuzaji asiyetaka kuliandika hilo aachwe. Mbeya na Tunduma wapo wengine.