Mbuzi wa Idi na Hofu Yake



Mwaka mmoja, siku tatu kabla ya Idi ya kuchinja, nilinunua beberu aliyeshushwa punde kutoka kwenye lori. Nilimfunga uani peke yake, juani, watoto wakimzonga. Usiku ule akaanza kukohoa. Alfajiri ya pili tukamkuta amekufa. Nikamlaumu muuzaji. Daktari wa mifugo aliponiuliza mnyama alikunywa maji lini na alilala wapi, nikaona haya.

Mnyama anapoogopa, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga homoni damuni. Adrenalini hutangulia: moyo ukadunda, misuli ikajiandaa kukimbia. Hufuata kotisoli, ambayo huupatia mwili sukari na kutuliza uvimbe. Kwa muda mfupi hiyo ni rehema. Lakini safari, kiu na upweke vikiendelea, kotisoli nayo haishuki, na kinga ya mwili hudhoofika. Hapo vijidudu vilivyokuwa vikiishi puani na kooni bila madhara hupata mwanya wa kushambulia mapafu.

Mwaka 1936, Hans Selye wa Montreal, Kanada, alieleza hali ya panya waliotaabishwa kwa baridi, majeraha au dawa kali. Tezi zao za juu ya figo zilikuwa zimekua, na thaimasi, kiungo kinacholea askari wa kinga, ilikuwa imenywea. Taabu zilikuwa mbalimbali, alama zikawa zile zile.

Jihadharini pia na sindano ya deksamethasoni, dawa ya jamii ya kotisoli. Mnyama mgonjwa huweza kuonekana amechangamka kwa sababu uvimbe umetulia, ilhali maambukizi yanaenea. Asidungwe ila kwa amri ya daktari, na muulizeni ni siku ngapi zipite kabla ya nyama kuliwa.

Basi mnunueni mnyama mapema. Mpeni kivuli, maji, majani na mwenziwe wa kukaa naye, na watoto wafunzwe kumkaribia kwa upole. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kunoa kisu na kumpumzisha mnyama tunayemchinja, nami nilikuwa nikiikumbuka amri hiyo siku ya Idi tu.

Siku hizi beberu wetu hufika wiki moja kabla, na ndoo yake ya maji ni zamu ya watoto wale wale.

Mwenyezi Mungu atutakabalie. Amin.