Gerant wetu alipwe na kahawa yetu

Kuna jambo ambalo tunalisemea inje, chini ya muti, lakini ndani ya mukutano kila mutu ananyamaza: mushahara wa gerant.

Mimi niko mwanakomite wa koperative ya kahawa kandokando ya ziwa Kivu. Tulikuwa na gerant muzuri, kijana wa kijiji, alisoma komersiale. Yeye ndiye alipima kahawa, aliandika fishi, alichunga funguo za depo, alijua nani amekwisha kulipwa na nani bado. Wakati wa proje alipata prime kila mwezi. Proje ikaisha mwezi wa tano. Mwezi wa nane akaenda Bukavu kutafuta kazi. Tulimulaumu sana, eti hapendi koperative. Alikuwa na watoto wawili, na sisi wa komite hatukumuuliza hata siku moja anakula namna gani.

Musimu uliofuata tulipima na daftari tatu zisizopatana. Kuna mama mumoja ambaye mpaka leo anadai kilo zake 86. Hatuna karatasi ya kumuonyesha kama anasema kweli ao anakosea.

Wengine wanasema: prezida anatumika bure, basi gerant naye ajitolee. Hapo tunachanganya. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ya mwaka 2010, inatuhusu tangu Congo iingie mu OHADA mwaka 2012. Inasema wenye kuchaguliwa mu komite hawapati mushahara, wanarudishiwa tu pesa walizotumia kwa kazi. Lakini gerant hachaguliwi, anaandikwa kazi, siku zote yuko kwenye depo. Na mutu usiyemulipa, akikosa, utamufukuza namna gani? Prezida akishika yeye mwenyewe kalamu, funguo na sanduku, nani atamuchunguza?

Tufanye hesabu. Koperative ikipokea kilo 60 000 za kahawa nyekundu, na tukatoa franga 40 kwa kila kilo, tunapata franga 2 400 000. Ni franga 200 000 kwa mwezi, mwaka muzima. Si mushahara wa ONG, lakini ni kitu. Mwenye kuleta kilo 200 anatoa franga 8 000. Koperative ndogo zinaweza kulipa miezi ya mavuno tu, ao mbili zishirikiane mutu mumoja. Na asiwe kila mara mwanaume: mabinti waliosoma komersiale wako, wanakaa tu nyumbani.

Na ninyi wafadhili, mutusamehe, tunawaambia mu gazeti lenu wenyewe: mwaka wa kwanza mulipe yote, wa pili nusu, wa tatu mutuachie.

Mukutano wetu mukuu uko mwezi ujao. Nitaomba hizo franga 40 zipigiwe kura. Yule mama wa kilo 86 aliniambia naye atakuja.