Mwacheni Alie

Wachungaji, acheni kumwambia mtu mwenye msiba kwamba imani yake ni haba. Amezika mtoto, ameomba mpaka sauti imemkauka, mbingu kimya. Anakuja kwenu kusema Mungu amemwacha, nanyi mnamuuliza ana dhambi gani ya siri. Au mnamwambia apande mbegu ya sadaka! Huo ni ukatili, tena mnaufanya kwa jina la Yesu.

Nimemwona mama mmoja akisimama wakati wa ushuhuda, akaanza kusema kwamba tangu amzike mwanawe kila akipiga magoti haoni mtu wa kuzungumza naye. Hakumaliza. Mwongoza ibada alimpokonya kipaza sauti, akapaaza sauti "Bwana asifiwe!", kinanda kikadakia, pambio likaanza. Mama akabaki amesimama, mikono kifuani, katikati ya watu wanaopiga makofi. Halafu mnauliza kwa nini watu kama yeye hawarudi.

Biblia mnayoinyanyua mimbarani haiko upande wenu. Zaburi ya 88 ni kilio, na inaishia gizani. Hakuna aliyeipachika haleluya mwishoni. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walionyesha utu. Waliharibu walipofungua vinywa kumtafutia dhambi. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, waliojifanya mawakili wake, na anasema aliyenena sawasawa ni Ayubu. Na Yesu msalabani, kwa mujibu wa Marko na Mathayo, alimuuliza Mungu kwa sauti kuu kwa nini amemwacha. Mngemwambia naye hana imani?

Hata Mama Teresa wa Calcutta aliishi karibu miaka 50, isipokuwa kipindi kifupi, bila kuhisi Mungu yuko karibu, huku akiendelea kuwahudumia wanaokufa. Barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, dunia nzima ilijua. Kanisa lake halikuzificha. Mwaka 2016 lilimtangaza mtakatifu.

Mnaogopa kwamba kilio kitawavunja moyo waumini. Wanaovunjika moyo ni hawa mnaowalazimisha kushangilia wakiwa na kidonda kibichi. Jumapili ijayo someni Zaburi ya 88 yote, msiifafanue. Na atakayelia, msimwombee haraka ili anyamaze. Nyamazeni ninyi.