Kinga ya Umma Ianzie kwa Wafanyakazi

Serikali nyingi duniani zinapozungumzia hatari ya magaidi kutumia vijidudu vya maradhi kama silaha, mazungumzo huanza na kuishia katika maabara, mitambo na mabilioni ya fedha. Mfanyakazi ambaye ndiye atakayekutana kwanza na hatari hiyo hatajwi. Yaliyotokea Marekani mwaka 2001 yanaonyesha wazi gharama ya kumsahau.

Tarehe 15 Oktoba mwaka huo, barua yenye unga wa kimeta ilifunguliwa katika ofisi ya Seneta Tom Daschle mjini Washington. Kimeta ni ugonjwa ule ule wanaoujua wafugaji, unaoua ng'ombe na kumwambukiza achunaye mzoga. Ila vijidudu vyake vikiwa katika unga mwembamba huvutwa kwa pumzi hadi mapafuni, na hapo huua upesi. Seneti haikuchelewa. Watumishi walipimwa, wakapewa dawa, na jengo likafungwa.

Lakini barua haina miguu. Ilikuwa imepita katika kituo cha posta cha Brentwood, mjini humo humo, ndani ya mashine zinazozibana barua na kuzitikisa. Wataalamu waliamini kwamba bahasha iliyofungwa haivujishi unga, na kwa imani hiyo wafanyakazi wa posta wakaachwa kazini hadi tarehe 21 Oktoba. Wawili wao walikufa, mmoja siku hiyo na mwingine kesho yake. Katika Seneti hakufa mtu. Mashambulizi yote ya barua hizo yaliua watu 5 na kuugulisha wengine 17.

Watetezi wa serikali ile husema kwamba lilikuwa kosa la kisayansi, si ubaguzi. Na iwe hivyo. Hata hivyo, hakuna sayansi iliyokataza wafanyakazi wa Brentwood kupewa dawa zile zile, kwa tahadhari tu, siku ile ile.

Mwaka 2004 Marekani ilitenga dola bilioni 5.6 kwa ajili ya dawa na chanjo za kukabili silaha za aina hiyo. Mwaka 2010 wapelelezi wake wakahitimisha kwamba kimeta kile kilitoka katika maabara ya jeshi lake lenyewe, huko Fort Detrick.

Ndiyo maana mpango wowote wa kinga, katika nchi yoyote, sharti uulizwe kwanza: je, karani wa posta, mhudumu wa zahanati na mpakuzi wa mizigo bandarini wataarifiwa saa ngapi, na dawa yao imewekwa wapi?